Imamu Ahmad Yuko Upande Gani?

Mwaka jana nilifanya kosa lililochukua sekunde tatu hivi. Boom lilikuwa limechelewa, watu tunashindia chai na maandazi ya kukopa, na hosteli nzima ilikuwa na mada moja tu: twende kwa maandamano hadi jengo la utawala, au tusiende? Kwenye kundi letu la simu la wanafunzi Waislamu mtu akatupia swali, dini inasemaje? Mimi nilikuwa na kipande cha maneno nilichokipata kwenye kundi jingine, kikieleza kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal aliwakataza watu wasimwasi mtawala hata alipokuwa dhalimu. Nikakisambaza. Sikukisoma mara mbili. Nikachukua ndoo yangu nikaenda kuoga.

Nilipotoka bafuni nikakuta kundi limewaka. Rumeti wangu mmoja, ambaye sote tunamwita Shehe, alikuwa amekidaka kile kipande na kukiegemea kwa uzito wake wote: maandamano ni haramu, Imamu keshasema, mjadala umefungwa. Rumeti wangu wa pili, tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu ya kupenda uongozi tangu siku tuliyoripoti chuoni, naye akaja na kipande chake: huyo huyo Imamu Ahmad ndiye aliyechapwa mijeledi kwa kukataa amri ya khalifa, sasa mnawezaje kumfanya ngao ya kunyamaza? Ilipofika saa nne usiku, Shehe alikuwa amemwita mwenzake Khawarij. Mwenyekiti alikuwa amemwita mwenzake kibaraka.

Kwa msomaji asiyelijua neno hilo la kwanza, Khawarij ni kundi la karne ya kwanza ya Uislamu lililojitenga na khalifa, likachukua silaha na kuwahukumu Waislamu wengine kuwa wametoka katika dini. Si neno la kumtania mtu. Alfajiri iliyofuata, katika chumba ambacho tulizoea kuswali watatu pamoja, kila mmoja aliswali peke yake. Mimi nilitandika msala wangu katikati ya vitanda vyao nikijua kwamba kiberiti kilitoka mfukoni mwangu.

Nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba ukipewa habari uulize: nani kasema, lini, kwa nani, na baada ya hapo kukatokea nini? Nikaona aibu. Maswali hayo nayaandika vizuri kwenye mitihani, lakini kwenye simu yangu mwenyewe sikuyauliza. Basi nikaenda maktaba kumtafuta Imamu Ahmad mzima, siyo kipande. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ahmad bin Hanbal alizaliwa Baghdad mwaka 164 wa Hijria, sawa na 780 wa Miladia. Hanbal ni jina la babu yake, baba yake aliitwa Muhammad. Baba huyo alikuwa askari, akafa kijana, na mtoto akalelewa na mama. Habari ninayoipenda zaidi ya utoto wake ni kwamba alikuwa na hamu ya elimu kiasi cha kutaka kutoka nyumbani usiku wa manane awahi darsa, na mama yake akawa anamshika nguo asitoke mpaka adhana ya alfajiri isikike. Wanaowahi kuweka daftari kwenye kiti cha mbele cha ukumbi wa mihadhara wanamwelewa.

Alipofika miaka kumi na tano hivi alianza kuzisaka hadithi za Mtume kwa bidii. Alizifuata Kufa, Basra, Makka, Madina, Sham na Yemen. Alihiji mara tano, na tatu kati ya hizo alikwenda kwa miguu. Alikutana na Imamu Shafii, yule ambaye sisi wa Afrika Mashariki wengi tunafuata madhehebu yake, akasoma kwake. Baadaye walitofautiana katika mambo kadhaa ya fikihi, ndiyo maana leo kuna madhehebu ya Shafii na madhehebu ya Hanbal. Hata hivyo inasimuliwa kwamba Ahmad aliendelea kumwombea dua mwalimu wake huyo miaka mingi baada ya Shafii kufariki Misri mwaka 204.

Katika safari zake alikuwa na rafiki aliyeitwa Yahya bin Main. Tafadhali lishike jina hili, nitalirudia. Yahya naye alikuwa bingwa wa hadithi, hodari wa kuwapima wapokezi: nani mkweli, nani anasahau, nani mwongo. Wawili hao walipanga kwenda Yemen kwa mwanachuoni mmoja mkubwa, Abdul-Razzaq wa Sanaa. Walipofika Makka, wakamkuta Abdul-Razzaq mwenyewe yuko kwenye tawafu. Yahya akafurahi, akaomba miadi wasome naye pale pale, safari imekuwa fupi. Ahmad akakataa. Alikuwa ameweka nia ya kumfuata mwalimu hadi Yemen, basi ataifuata nia yake. Wakaenda hadi Sanaa. Fedha zikamwishia njiani, akafanya kazi kwa wenye ngamia ili apate chakula, na mwalimu alipotaka kumsaidia hakupokea. Hapo tayari unamwona ni mtu wa aina gani. Akishaona jambo ni sahihi, kumgeuza ni kazi.

Kazi yake kubwa ni Musnad, mkusanyiko wa hadithi zaidi ya 27,000 ukihesabu zinazojirudia. Lakini jina lake lilienea kwa watu wa kawaida kwa sababu ya mambo yaliyoanza mwaka 218 wa Hijria, yaani 833.

Mwaka huo khalifa al-Mamun aliamua kwamba wanazuoni wote lazima wakubali fundisho moja: kwamba Kurani imeumbwa. Lilikuwa fundisho la wanafikra walioitwa Mutazila. Wanazuoni wengi wa hadithi waliona kwamba Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu na haisemwi kuwa kiumbe. Leo mtu anaweza kuona ni ubishi wa darasani. Ila khalifa aliugeuza kuwa amri ya serikali. Alimwandikia gavana wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, awaite wanazuoni mmoja mmoja awahoji. Asiyekubali hapewi kazi, ushahidi wake haupokelewi, na mbele kuna minyororo. Vitabu huiita kadhia hiyo Mihna, neno lenye asili moja na mtihani wetu. Mtihani huo haukuwa na sapu.

Wa kwanza kuitwa walikuwa wanazuoni saba wenye majina makubwa. Wote saba wakakubali kwa kuogopa. Mmoja wao alikuwa Yahya bin Main.

Baadaye likaitwa kundi kubwa zaidi, na Ahmad akiwemo. Wengi waliyumba, wengine wakatafuta maneno ya kukwepa. Baada ya siku chache za vitisho walibaki wawili tu: Ahmad na kijana mmoja aliyeitwa Muhammad bin Nuh. Wakafungwa minyororo, wakasafirishwa kuelekea Tarsus kwa khalifa. Kabla hawajafika, habari ikaja kwamba al-Mamun amefariki. Wakarudishwa. Njiani Muhammad bin Nuh akaugua na kufa, na Ahmad ndiye aliyemswalia. Akaendelea na safari ya kurudi Baghdad akiwa na pingu, peke yake sasa, akatiwa gerezani.

Khalifa aliyefuata, al-Mutasim, aliendeleza amri ya ndugu yake. Baada ya kifungo cha zaidi ya miaka miwili kwa baadhi ya mapokezi, Ahmad aliletwa mbele yake. Siku tatu walijadiliana naye, kadhi mkuu Ahmad bin Abi Duad akiongoza upande wa serikali. Jibu la Imamu lilikuwa lile lile: nileteeni hoja kutoka Kurani au Sunna, nitakubali. Hawakumridhisha. Akachapwa mijeledi hadi akazimia, na inasimuliwa alikuwa amefunga saumu.

Sasa kuna habari moja ambayo katika vile vipande vya simu sikuwahi kuiona. Wapo wanahistoria wanaosimulia kwamba wakati Imamu yuko ndani, watu wa Baghdad walikusanyika nje wakiwa na ghadhabu, na khalifa akaogopa vurugu. Akamwita ami yake Ahmad mbele ya watu akashuhudie kwamba mtu wao anarudishwa mzima. Watu wakatulia, Imamu akarudi nyumbani na majeraha yake.

Nikaweka kalamu chini. Kwa hiyo kulikuwa na umati. Umati ule hakuuita yeye, na inawezekana hakujua kama upo. Lakini ulikuwepo, na kwa mapokezi hayo ulikuwa na sehemu katika kuachiwa kwake. Nilitaka nikimbie nimwambie Mwenyekiti kwamba ameshinda. Bahati nzuri niliendelea kusoma.

Mwaka 227 (842) akaja khalifa wa tatu katika kadhia hii, al-Wathiq. Huyu alikaza kamba. Wanazuoni kadhaa wa Baghdad wakachoka, wakamwendea Ahmad nyumbani. Walikuwa na hoja: fundisho la uongo linafundishwa hata kwa watoto, mambo yamepita kiasi, hatumkubali tena mtawala huyu. Walimtaka awe pamoja nao. Fikiria uzito wa ombi lile. Ni mtu ambaye mgongo wake una makovu ya mijeledi ya watawala hao hao, na jina lake lingetosha kuutikisa mji.

Akakataa. Akajadiliana nao muda mrefu. Akawataka wachukie uovu ule mioyoni mwao, wasivunje utii, wasimwage damu yao wala damu ya Waislamu wengine, watazame mwisho wa jambo, wasubiri. Hoja yake ilikuwa kwamba silaha zikishatoka, wanaolipa ni watu wasiokuwemo, njia zinakosa usalama, mali na heshima za watu zinapotea. Nilikuwa nimefika kwenye mzizi wa kipande nilichokisambaza. Lakini kipande changu hakikusema aliwaambia akina nani, wala kwamba waliomwendea walikuwa wanazuoni wenzake aliokaa nao akawasikiliza kwanza. Hatusikii kwamba aliwaita Khawarij.

Wakati wa al-Wathiq Imamu alizuiwa kukutana na watu, akaishi kwa kujificha, hata msikitini hakuonekana, mpaka khalifa huyo alipofariki mwaka 232.

Na hapo katikati kuna kisa cha Ahmad mwingine. Huyu ni Ahmad bin Nasr al-Khuzai, mtu wa Baghdad, mwanafunzi wa hadithi kama yeye, wa ukoo mkubwa: babu yake alikuwa miongoni mwa wakuu wa harakati zilizowaweka Bani Abbas madarakani. Ahmad bin Nasr hakuuona msimamo wa subira. Aliona kwamba kuamrisha mema na kukataza mabaya kumefikia hatua ya kusimama. Mwaka 231 (846) watu wakampa kiapo cha siri, wakapanga usiku maalumu wa kuinuka, ishara iwe ni ngoma. Mpango ukavuja kwa uzembe: baadhi yao walipiga ngoma usiku uliotangulia, hakuna aliyeitika, askari wakaamka. Ahmad bin Nasr akakamatwa, akapelekwa Samarra kwa al-Wathiq. Khalifa akamhoji kuhusu Kurani, naye hakurudi nyuma. Al-Wathiq akamuua kwa upanga kwa mkono wake mwenyewe. Kichwa chake kikapelekwa kuning'inizwa Baghdad, kiwiliwili kikabaki Samarra. Familia yake ilikabidhiwa mabaki yake mwaka 237, miaka sita baadaye.

Nilisoma sehemu hiyo nikasubiri Imamu Ahmad atasema nini. Ingekuwa rahisi kwake kusema niliwaonya. Yaliyomkuta Ahmad bin Nasr ndiyo hasa aliyoyahofia. Angeweza kumtumia maiti yule kuthibitisha fatwa yake, na kwa hesabu za mjadala angeshinda.

Inasimuliwa kwamba alipotajwa, Imamu Ahmad alimwombea rehema na kumsifu kwa ukarimu, kwamba aliitoa nafsi yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Msimamo wake kuhusu kuinuka dhidi ya mtawala haukubadilika. Alibaki akiona kwamba njia ile haikuwa sahihi, na akabaki akiona kwamba mtu aliyeipita alikuwa mwema. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kifua kimoja.

Hapa ningeweza kuishia, makala ikawa tamu na kila mtu akaenda zake kantini. Lakini nilisema nitalirudia jina la Yahya.

Yahya bin Main, rafiki wa safari ya Yemen, alikubali fundisho la serikali kwa kuogopa upanga. Hata katika fikihi ya kawaida, aliyelazimishwa ana udhuru. Ahmad hakumpa udhuru huo. Aliacha kupokea hadithi kutoka kwa waliokubali, na inasimuliwa kwamba Yahya alipokwenda kumtembelea akiwa mgonjwa, Ahmad alimgeuzia uso asiseme naye. Yahya akatoka amevunjika. Alifariki Madina mwaka 233.

Jambo hili lilinisumbua kuliko mijeledi. Mtu huyu aliyemwombea rehema aliyechukua silaha alishindwa kumtazama usoni rafiki aliyeogopa. Wapo wanaomtetea kwamba yeye alikuwa kiongozi wa umma na alitaka watu wajue jambo lile si dogo. Huenda. Mimi si mwanachuoni wa kumhukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba heshima katika ikhtilafu haikuwa rahisi hata kwake, na ilimwia ngumu zaidi kwa mtu wa karibu. Hilo tunalijua wote tunaoishi vyumba vya vitanda vya kupanda. Asiyekufahamu akikupinga, unacheka tu. Rumeti wako akikupinga, usingizi unapaa.

Na bado kuna kitu kimoja. Yahya naye, alipomtaja Ahmad bin Nasr, alimwombea rehema na kusema kwamba Mwenyezi Mungu amemhitimishia kwa shahada. Kwa hiyo aliyesimama hadi kuchapwa, na aliyekubali kwa hofu, ambao walikuwa hawasemezani, wote wawili walimwombea dua yule wa tatu aliyechagua njia ambayo hakuna kati yao aliyeichukua.

Baada ya al-Wathiq akaja al-Mutawakkil, akaikomesha Mihna. Sasa upepo ukageuka: serikali ikataka kumkumbatia Imamu. Akaitwa Samarra, akaletewa mali. Ilimwia nzito kuliko gereza. Alizigawa zawadi, akakonda kwa kujinyima chakula cha kasri, na akawakasirikia watoto wake walipopokea posho ya khalifa. Wanaomtumia Imamu Ahmad kama wakili wa serikali wakumbuke sehemu hii pia. Hakuinuka dhidi ya mtawala, na wala hakula kwake. Waliomchapa aliwasamehe, al-Mutasim akiwa mmoja wao.

Hata juu ya ikhtilafu yenyewe kuna habari yake nzuri. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja aliandika kitabu cha tofauti za wanazuoni akakiita kitabu cha ikhtilafu. Ahmad akamshauri akiite kitabu cha wasaa, yaani cha nafasi pana. Na rafiki yake mwingine, Ishaq bin Rahwayh wa Khurasan, Ahmad alimsifu sana huku akikiri kwamba wanatofautiana katika mambo kadhaa, kwani watu hawajaacha kutofautiana.

Alifariki Baghdad mwezi wa Rabiul Awwal mwaka 241, yaani 855, akiwa na miaka 77 ya Hijria. Mji ulifurika kwa maziko yake. Idadi wanazozitaja wapokezi zinapishana mno, lakini wote wanakubaliana kwamba lilikuwa jambo ambalo Baghdad haikulizoea. Mtu aliyewaomba watu wakae majumbani mwao ndiye aliyewatoa barabarani siku ya mwisho.

Sasa turudi hosteli. Je, Imamu Ahmad yuko upande gani wa maandamano? Kwa uaminifu wa somo langu, swali lenyewe hakuulizwa. Aliulizwa kuhusu kuvunja kiapo cha utii na kuinua silaha. Maandamano ya leo, watu mikono mitupu wenye mabango, pengine na kibali, ni jambo ambalo wanazuoni wa zama zetu wanalipima kwa kulilinganisha na yale ya zamani, na hapo ndipo wanapoachana. Wapo wanaosema ni mlango wa fitina ile ile, yanaanza na mabango yanaishia na damu, hivyo mlango ufungwe. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa tamko la kuyakataza Machi 2011. Wapo wanaosema ni chombo kipya cha kazi ya zamani, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Shehe Yusuf al-Qaradawi aliwaunga mkono waandamanaji wa Misri mwaka huo huo. Na wapo wanaopima kila tukio kwa masilahi na madhara yake, kwa sheria ya nchi na kwa namna linavyofanyika. Wote wanasoma vitabu vile vile, na wengi wao wanamsoma Ahmad huyo huyo.

Kwa hiyo Shehe hakuwa mzushi kuona kwamba Imamu alichelea fitina. Mwenyekiti hakuwa mzushi kuona kwamba Imamu hakuinama. Kila mmoja alishika mkono mmoja wa mtu yule yule akamvuta kwake. Niliyewakabidhi mikono hiyo ni mimi.

Maandamano yenyewe, kwa mnaotaka kujua, hayakufanyika. Wawakilishi walikwenda na barua, Mwenyekiti akiwa mbele na Shehe amebaki chumbani, na boom likaingia siku chache baadaye. Kila upande ukasema ndiyo sababu, barua au subira. Lakini chumba hakikutengemaa. Mwenyekiti alihamia chumba kingine kabla ya mitihani ya semista.

Niliwafuata mmoja mmoja. Nilimwambia kila mmoja kwamba maneno yale niliyasambaza bila kuyajua, na nikamsimulia habari hizi zote, pamoja na ya Yahya. Shehe alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba maoni yake kuhusu maandamano yako pale pale. Ila lile neno Khawarij alilifuta kwenye kundi, mbele ya watu wote walioliona, akaomba radhi. Mwenyekiti naye hakubadilisha maoni yake. Aliniuliza jambo ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: kama Imamu Ahmad mwenyewe alimgeuzia uso Yahya, sisi ni nani tusigeuziane?

Nilimjibu kwamba labda hiyo ni sehemu ya maisha ya Imamu ambayo hatulazimiki kuiiga. Hakuridhika sana, na sikumlaumu. Lakini Ijumaa iliyofuata niliwaona kwenye safu moja, watu watatu kati yao, na baada ya swala Mwenyekiti alimpa Shehe mkono. Hawakuzungumza zaidi ya salamu. Siku hizi wakikutana kwenye vimbweta wanakaa, na wakifika kwenye suala la maandamano bado wanabishana, kwa sauti.

Wanachuo wenzangu, semista hii pia yatakuja mambo ya kutugawa: uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ada, hata fatwa. Kipande kikikufikia cha mtu mkubwa aliyefariki zamani, kabla hujabonyeza kitufe, tafuta alikuwa akiongea na nani, na aliyempinga alimfanyia nini. Maktaba iko wazi hadi usiku. Ndoo ya kuoga inaweza kusubiri.